Saksafoni ya Kwanza: Historia Yake, na Shauri kwa Mnunuzi Mwenye Fedha Haba

Katika milima yetu ya Usambara sauti ya tarumbeta si jambo geni. Siku ya Pasaka, siku ya arusi na siku ya maziko, mtu akaaye ng'ambo ya bonde husikia shaba ikilia kabla hajawaona wapigaji. Lakini sasa baadhi ya vijana wetu, hapa Bumbuli na kwingineko, wamevutwa na ala nyingine, nayo ni saksafoni. Huisikia katika redio na katika simu zao, huiona katika kwaya za mijini, na wengine wameanza kuweka fedha kidogo kidogo ili wainunue. Nia hiyo ni njema. Ila twajua ya kuwa fedha ya mkulima wa chai, au ya mwalimu wa shule, hupatikana kwa shida, na ikipotea mara moja hairudi upesi. Kwa hiyo tumeona vema kueleza asili ya ala hii, na jinsi ilivyofika katika nchi zetu, na mambo yampasayo mnunuzi. Maana historia yake ndiyo ituonyeshayo mahali fedha zinapopotelea.

Asili yake

Saksafoni si ala ya kale kama ngoma au zumari. Mtu aliyeibuni twamjua, hata mwaka twaujua. Alikuwa Adolphe Sax, mwana wa fundi wa ala za muziki, aliyezaliwa mwaka 1814 katika mji wa Dinant, nchi ya Ubelgiji. Alipokuwa mtu mzima akahamia Paris, na huko, tarehe 28 Juni 1846, akapewa na serikali ya Ufaransa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Alitaka kuzipatia bendi za askari ala yenye nguvu ya shaba, lakini yenye wepesi wa vidole kama zilivyo ala za mti. Ndiyo sababu mwili wa saksafoni ni wa shaba, lakini sauti yake huanzia katika tete, yaani kipande chembamba cha mwanzi kinachotikisika mdomoni. Watu wa pwani hawatalishangaa jambo hili, maana zumari nayo hulia kwa tete.

Sax hakustarehe kwa kazi yake. Mafundi wengine wa Paris walimwonea wivu wakamshtaki mahakamani miaka mingi, naye akafilisika mara tatu, mwaka 1852, mwaka 1873 na mwaka 1877. Akafa mwaka 1894. Hati yake ilikuwa imekwisha nguvu mwaka 1866, na tangu hapo fundi yeyote aliweza kutengeneza saksafoni na kuongeza vibonyezo vyake kama alivyoona vema.

Hapa msomaji aangalie sana tofauti moja, kwa kuwa mengi yatakayofuata yaitegemea. Tarumbeta ina vibonye vitatu tu. Mengine yote hufanywa na midomo na pumzi. Lakini bomba la saksafoni lina matundu zaidi ya 20, na kila tundu lina kifuniko chake, na ndani ya kila kifuniko mna mto mdogo uliovikwa ngozi, ambao sharti uzibe tundu pasipo kuvuja hata kidogo. Kifuniko kimoja kikiwa kimepinda, au ngozi moja ikiwa imekauka na kupasuka, sauti za chini hukataa kutoka, na mwanafunzi hudhani kosa ni lake. Akaza mdomo, apuliza kwa nguvu, achoka, kisha aiacha ala chini ya kitanda. Si kwamba hakuwa na kipaji; ala yake ilikuwa ikivuja.

Miaka ya 1920

Baada ya Vita Kuu ya kwanza saksafoni ilipendwa mno huko Marekani. Katika mji mdogo wa Elkhart, jimbo la Indiana, viwanda vya Conn na Buescher vilitoa ala hizo kwa wingi, zikapigwa majumbani, mashuleni na makanisani. Yako mambo matatu ya siku zile ambayo yangali yakimnasa mnunuzi wa leo.

La kwanza ni ile iitwayo saksafoni ya C. Saksafoni zilizo za kawaida hazisemi lugha moja na kinanda. Mpigaji wa alto akipiga C yake, masikio husikia E flati ya kinanda. Na wa tena akipiga C yake, husikika B flati. Basi mafundi wa Marekani wakatengeneza saksafoni ambayo C yake ni C ya kinanda, ili mtu asome katika kitabu kile kile cha nyimbo kilichofunguliwa juu ya kinanda. Ziliuzwa nyingi sana. Kisha kufika mwaka 1930 hivi viwanda vikaacha kuzitengeneza. Leo huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu wanaozitaka ni wachache. Lakini ala hizo zina umri wa karibu miaka 100, vipulizio na matete yake ni vigumu kupatikana, na walimu wengi hawazitumii. Mwanafunzi aipite.

La pili ni urefu wa sauti. Zamani bendi hazikupatana juu ya sauti ya A iwe juu kiasi gani. Bendi za jeshi la Uingereza zilitumia sauti ya juu mpaka karibu na mwaka 1929, na vikundi vya shaba vya huko viliendelea nayo mpaka miaka ya 1960, ingawa mataifa yalikuwa yamepatana huko London mwaka 1939 kwamba A iwe ya mitikisiko 440 kwa sekunde. Mwenye tarumbeta ya kale aweza kuvuta bomba nje kidogo akapatana na wenzake. Mwenye saksafoni ya kale hawezi, maana matundu yake yalitobolewa mahali pake mara moja tu. Saksafoni nyingi za Marekani za wakati ule zimechorwa herufi H au L karibu na namba yake. Yenye H ni ya sauti ya juu, nayo haitapatana na kinanda wala na tarumbeta za leo hata ipigwe na bingwa. Ni pambo la ukutani.

La tatu ni jina lililochorwa. Viwanda vya Elkhart, na vya Ulaya vilevile, vilikuwa vikiwatengenezea wachuuzi ala na kuzichora jina lolote waliloagiza. Desturi hiyo haikufa. Hata sasa kiwanda kimoja cha China chaweza kutoa saksafoni za majina kumi. Kwa hiyo jina zuri juu ya shaba si ushuhuda wa fundi aliyeifanya.

Jinsi ilivyofika kwetu

Katika Afrika ya Mashariki shaba ilitangulia, saksafoni ikafuata. Watumwa waliofunguliwa na kuwekwa katika misheni za pwani, kama Freretown karibu na Mombasa na Bagamoyo, walifundishwa kupiga ala za Ulaya. Katika miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa ikazaliwa ngoma ya beni, ambayo jina lake latoka katika neno la Kiingereza la bendi. Na baada ya vita ya 1914 hadi 1918 askari waliorudi makwao wakaieneza Tanganyika yote.

Huku milimani njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1891 wamisionari wa chama kimoja cha Kiinjili cha Berlin walipanda mpaka Mlalo, na mwaka 1906 chama hicho kikahamishia makao yake Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Pale Bethel tangu mwaka 1893 alikuwako mchungaji Johannes Kuhlo, aliyefariki mwaka 1941, mtu aliyezieneza tarumbeta za kanisa katika Ujerumani kuliko mwingine yeyote. Kuhlo aliwafundisha wapigaji wake kusoma noti kama zilivyo katika kitabu cha kinanda, ili kikundi kipige wimbo pamoja na mkutano bila kuandika upya hata ukurasa mmoja. Desturi ya tarumbeta za kanisa ikaota mizizi katika Usambara, nayo ingaliko katika sharika za Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki.

Saksafoni ilikuja kwa mlango wa dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Baada ya Vita Kuu ya pili watu walisikiliza sana sahani za santuri zenye muziki wa Kuba, na mapenzi hayo yakamfanya Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, kuiita bendi yake Cuban Marimba. Huko Kongo alitokea Verckys Kiamuangana, mpigaji wa saksafoni wa OK Jazz, aliyejitenga mwaka 1969 akaunda bendi yake mwenyewe. Tanga, mji ulio jirani nasi, ukawa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz.

Sasa twafika penye kiini cha habari hii. Katika Tanzania ya miaka ile saksafoni kwa kawaida haikuwa mali ya mpigaji. Ilikuwa mali ya bendi, na bendi nyingi zilikuwa mali ya jeshi, au ya polisi, au ya mfanyabiashara, au ya chama cha wafanyakazi, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964. Mpigaji aliyeondoka aliiacha ala nyuma, akatoka mikono mitupu. Huo ulikuwa unyonge wake, na wengi walizeeka bila kuwa na ala yao wenyewe. Lakini bendi ile ile ilimpa kijana vitu vitatu kwa mara moja: ala ya kupiga, mzee wa kumfundisha, na mtu wa kuitengeneza ikiharibika. Vikundi vya tarumbeta vya kanisa navyo vilifanya vivyo hivyo, ndiyo maana vimedumu. Kisha katika miaka ya 1980 na 1990 vinanda vya umeme vikachukua kazi ya shaba katika bendi nyingi, na shule ile ya wazee ikapungua.

Basi kijana wa leo anunuaye saksafoni peke yake apata kile ambacho mpigaji wa zamani hakuwa nacho, yaani ala yake mwenyewe. Lakini apungukiwa na vile viwili vingine, mwalimu na fundi. Akitumia fedha zake zote kwa ala, amenunua theluthi moja ya kitu.

Kuchagua

Mtu kwanza achague ukubwa. Kwa anayeanza twashauri alto. Soprano ni ndogo, lakini kuishika sauti yake isipotoke ni kazi ya aliyekwisha zoea. Tena ni nzuri, lakini ni nzito zaidi na bei yake ni kubwa zaidi. Baritoni haifai kutajwa mbele ya mtu mwenye fedha haba. Alto aweza kuishika hata mtoto wa darasa la tano, na matete na vipulizio vyake hupatikana kuliko vya nyingine.

Pili, aamue kati ya mpya ya bei ndogo na kuukuu ya kiwanda chema. Saksafoni mpya zisizo na kiwanda kijulikanacho huuzwa kwa dola 200 hadi 400 za Marekani, na hung'aa sana. Nyingine hulia vizuri siku ya kwanza. Lakini shaba ya vibonyezo vyake mara nyingi ni laini, hupinda upesi, na mafundi wengi hukataa kuishughulikia kwa kuwa ikinyoshwa leo hupinda kesho. Alto mpya ya wanafunzi ya Yamaha, kampuni iliyoanza kutengeneza saksafoni mwaka 1967, huzidi dola 1,000. Kati ya hizo mbili iko njia ya tatu: ala ya wanafunzi ya kiwanda kijulikanacho, iliyotumiwa miaka kadhaa na kutunzwa. Hiyo ndiyo tunayoisifu, kwa sharti moja: ikaguliwe kwanza na mtu ajuaye kupiga. Hata ile iletwayo kama zawadi na marafiki wa ng'ambo yapasa kukaguliwa, maana kubadili ngozi zote za vifuniko kwaweza kugharimu kuliko ala yenyewe.

Tatu, ajue kukagua. Na ashike bomba mbele ya macho kama fundi atazamavyo ubao. Likiwa limepinda, airudishe. Mabonde madogo katika mdomo wa mbele hayadhuru kitu. Kisha aingie katika chumba chenye giza, atie ndani ya bomba taa ndogo ya tochi, afunge vifuniko polepole kimoja kimoja. Mahali mwanga unapopenya, hewa nayo hupenya. Mwisho, yule ajuaye apige sauti za chini kabisa, tena kwa upole. Zikitoka bila kulazimishwa, ala ni nzima. Zikitoka kwa nguvu tu, inavuja, na bei ipunguzwe kwa kadiri ya matengenezo, au mnunuzi aende zake.

Nne, agawanye fedha. Katika kila shilingi 100 alizoweka, twashauri 60 ziwe za ala, 15 za kipulizio kizuri, matete na ukanda wa shingoni, na 25 zibaki kwa fundi na kwa mafundisho. Kipulizio kizuri juu ya ala ya wastani hulia vema kuliko kipulizio kibovu juu ya ala ya fahari. Matete nayo huchakaa baada ya majuma machache. Aanze na mepesi, namba 2 au 2 na nusu, asidanganywe kwamba mazito ni alama ya ushujaa.

Tena kabla ya yote hayo aweza kununua filimbi ya plastiki ya shule. Mpango wa vidole vyake wafanana sana na wa saksafoni. Atakayeipiga kila jioni kwa miezi 6 bila kuchoka, huyo atadumu na saksafoni. Atakayechoka atakuwa amepoteza fedha kidogo tu.

Kupatana na wenzake

Kijana wa kwetu atakayepeleka alto yake penye kikundi cha tarumbeta atakutana na jambo tulilolieleza. Wenzake wasoma noti za kinanda kwa desturi ya Kuhlo. Yeye akisoma vivyo hivyo, nyimbo itavurugika. Sharti ahamishe sauti. Kwaya ikiimba do katika F, yeye apige kana kwamba do ni D. Ikiwa C, yake ni A; ikiwa G, yake ni E; ikiwa B flati, yake ni G; ikiwa E flati, yake ni C. Wale waliozoea kuimba kwa do, re, mi hawataona shida kubwa, kwa kuwa do ihamiapo nyingine zote huifuata. Nyimbo za E flati na B flati zitakuwa nyepesi kwake. Zile za gitaa, za D, A na E, zitamtoa jasho. Heri alijue hili kabla ya Jumapili ya kwanza.

Kuitunza

Bumbuli ni mahali pa ukungu, na ukungu ni adui wa ngozi. Akiisha kupiga, apitishe kitambaa kikavu ndani ya bomba, alitoe tete katika kipulizio, kisha aiweke ala katika sanduku lake, mahali pakavu, mbali na moshi wa jikoni. Kifuniko kikinata, aweke karatasi safi chini yake akibonyeze taratibu. Asitie mafuta katika ngozi kamwe. Sanduku likinuka ukungu, alianike juani, lakini ala yenyewe asiianike.

Shauri la mwisho ni hili. Mtu mmoja kwa kawaida hawezi kulipa ala, mwalimu na fundi peke yake. Watu wanne au watano waweza. Wachange, wanunue alto moja iliyo njema, waandike katika daftari nani anaipiga siku gani, na ya kuwa ni mali ya nani mmoja wao akihama. Watume kijana mmoja mwenye mikono mitulivu ajifunze kwa fundi wa mjini kubadili ngozi na kunyosha vibonyezo, kama vile vikundi vya tarumbeta vilivyokuwa na mtu wa kulehemu. Wakati wa likizo wamwalike mwanafunzi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Makumira, au mpigaji yeyote mwaminifu, awakae juma moja. Hivyo watakuwa wamevirudisha vile vitu vitatu ambavyo bendi za zamani ziliwapa vijana wao. Tena kwa faida moja zaidi, kwamba ala haitabaki mikononi mwa bwana mwingine siku watakapotaka kuondoka nayo.